Kizuri Hakijiuzi: Neno kwa Walimu na Wanafunzi Kuhusu Matangazo ya Biashara

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi walimu tumeifundisha methali hii miaka nenda miaka rudi bila ya kuitilia shaka, na yamkini hakuna mtahiniwa wa kidato cha nne ambaye hajapata kuitumia kupambia insha yake. Mimi nami niliisadiki kwa muda mrefu. Hata hivyo, Januari iliyopita nilisimama kwa muda wa saa mbili hivi katika njia panda ya Minjila, huko Garsen, mahali ambapo barabara itokayo Malindi inagawanyika, tawi moja likielekea Lamu na jingine Hola na Garissa. Niliyoyaona pale yalinilazimu kuwaomba wahenga radhi na kutokubaliana nao.

Palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiuza maembe. Yalikuwa ngowe, yale marefu yenye ncha iliyopinda kidogo, ya manjano iliyokolea, ambayo mtu wa pwani huyatambua kwa harufu kabla ya kuyaona. Yalichumwa asubuhi hiyo hiyo kando ya Mto Tana. Basi la Lamu likaja, likasimama, abiria wakachungulia madirishani, likaondoka. La pili likaja, nalo likaondoka. Abiria wale walikuwa na fedha, na bila shaka wengi wao walikuwa na hamu ya tunda baada ya zaidi ya kilomita 100 za joto tangu Malindi. Lakini hawakujua bei. Hawakujua kama maembe yale yalikuwa ya kuliwa siku hiyo au yangeweza kufika Lamu yakiwa mazima. Dereva naye hakuwa na subira ya kumngoja mtu ashuke, aulize, apatane, achague na kulipa. Kufikia alasiri mama yule alikuwa ameuza chini ya nusu ya tenga lake. Maembe yale yalikuwa mazuri, nami ni shahidi kwani niliyala matatu. Yalikuwa mazuri na hayakujiuza.

Kando yake palisimamishwa ubao uliopakwa rangi ya kupendeza. Uliandikwa kwa Kiingereza, ukieleza kwamba hapo panapatikana matunda ya hali ya juu kwa bei nafuu. Nikamuuliza, "Mama, ubao wako unasemaje?"

"Hata sijui, mwalimu," akanijibu. "Aliniandikia kijana wa shule. Nilimpa maembe manne."

Nimeyafikiria sana maembe hayo manne. Ndiyo ada ya mwandishi wa matangazo wa Garsen, nayo ililipwa kwa kazi ambayo haikumfaa mlipaji. Kijana yule hakukosa bidii wala hati nzuri. Alikosa kufundishwa, na lawama hiyo ni yetu sisi tunaoshika chaki.

Hatua chache kutoka kwa mama huyo alikuwapo mvulana aliyekuwa akiuza maji. Hakuwa na ubao. Kila basi lilipokaribia alikimbia sambamba nalo huku akinadi, "Maji baridi, hamsini! Maji baridi, hamsini!" Maji yake yalikwisha mara mbili nikiwa papo hapo. Ukilipima tangazo lake utaona kwamba lina kitu, lina hali ya kitu, lina bei, na linasikika kabla ya basi kusimama, hivi kwamba abiria huwa ameshatoa noti mfukoni wakati mlango unapofunguliwa. Watu wa mto huu hawahitaji kufunzwa jinsi sauti inavyonata sikioni. Lahani ya Wimbo wetu wa Taifa, tulioupokea mwaka 1963, ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto. Mambo huharibika tunapotoka kwenye ulimi na kushika kalamu.

Kesho yake nilikuwa nimealikwa na mwalimu mmoja, aliyepata kuwa mwanafunzi wangu chuoni, nizungumze na kidato cha nne cha shule moja ya upili ya eneo hilo juu ya isimujamii. Nilipouliza sifa za sajili ya matangazo ya biashara, darasa zima liliinua mikono. Walinitajia kwa ufasaha: lugha ya kushawishi, chuku, kuchanganya ndimi, sentensi fupi fupi, kurudiarudia jina la bidhaa. Yote yalikuwa sahihi, na yote yangewapatia alama katika karatasi ya pili. Kisha nikawasimulia habari za mama wa Minjila, nikawaomba kila mmoja amwandikie tangazo. Karibu wote walianza kwa "Tangazo! Tangazo! Tangazo!" Waliosalia walianza kwa kumuuliza msomaji iwapo amechoshwa na matunda duni, kisha wakamtuliza kwamba suluhisho la matatizo yake limewadia. Maembe yalielezwa kuwa bora, matamu ajabu, ya kipekee na ya bei nafuu. Hakuna hata mmoja aliyetaja bei yenyewe. Hakuna aliyetaja kwamba ni ngowe.

Sikuwacheka, kwani mimi mwenyewe nilipata kufanya vivyo hivyo. Mwaka 1997 nilikuwa kijana wa shule ya upili, nikisifiwa kwa insha zangu, na mjomba wangu alikuwa na duka dogo huko Garsen. Aliniomba nimwandikie ubao. Nilijifungia kutwa nzima. Nilichokiandika nakikumbuka hadi leo, na kukumbuka huko hakunipi raha: "Enyi wateja watukufu, mnakaribishwa kwa taadhima katika duka letu lililosheheni bidhaa za kila nui na namna, zenye kukidhi haja na matamanio ya kila mja." Mjomba aliusoma, akautundika, akanishukuru. Nikakaa nje siku tatu nikingojea watu wasimame wausome. Aliyesimama ni mbuzi.

Mwishoni mwa mwaka huo zikaja mvua za El Nino. Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote nchini, ulifurika, barabara zikakatika na Garsen ikawa kama kisiwa. Sukari iliadimika hata watu wakawa wanakunywa chai kavu bila kulalamika tena. Siku moja shehena ndogo ikafika kwa mashua. Mjomba alichukua chaki, akaugeuza ubao wangu, na upande wa nyuma akaandika maneno mawili: "Sukari imefika." Haikupita saa moja duka likajaa pomoni. Mimi nilisimama pembeni nimenuna.

"Mjomba," akaniambia, maana ndivyo tunavyoitana sisi, mkubwa na mdogo, "maneno yako ni mazuri kuliko yangu. Lakini watu hawa hawakuja kusoma, wamekuja kununua."

Ilinichukua miaka mingi na shahada tatu kuelewa sawasawa alichokifanya mzee yule kwa kipande cha chaki. Nomino yake inataja kitu chenyewe, wala si "bidhaa". Kitenzi chake kimo katika hali timilifu: kiambishi -me- kinatuarifu kwamba tendo limekwisha na matokeo yake yangalipo. Lau angeandika "tunauza sukari" angetueleza kazi yake, jambo ambalo mji mzima ulilijua. Lau angeandika "sukari hupatikana hapa" angetueleza desturi, tena ya uongo, kwa sababu kwa majuma kadhaa haikupatikana. "Imefika" ni habari. Jana haikuwapo, leo ipo, na kesho huenda isiwepo. Hapakuwa na haja ya kumwambia mteja afanye hima. Sarufi ilikuwa imeshamhimiza.

Kinyume cha hayo ni vivumishi vyetu vya mazoea. Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Mwanaisimu Mwingereza Geoffrey Leech, katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu lugha ya matangazo nchini Uingereza, alionyesha kwamba vivumishi vilivyotumiwa mno ni vile vyenye maana ya "mpya", na "zuri" pamoja na "bora". Neno ambalo kila mtu hulitumia kwa kila kitu haliwezi kukitofautisha kitu chochote. Chukua hilo neno "nafuu". Kwa asili ni la kulinganisha: nafuu kuliko nini? Anayesoma "bei nafuu" hana budi kukisia, na abiria wa basi hakisii, hubaki kitini. Lakini "maembe sita, shilingi 100" ni maneno ambayo mnunuzi anaweza kuyahakiki kwa macho na vidole vyake. Biashara za zamani za pwani zilikuwa na lugha kamili ya namna hii: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, na mtoto aliyetumwa dukani alijua kama amepunjwa. Leo tuna gorogoro na kilo. Kipimo ni sifa isiyohitaji kuaminiwa, kwani hupimwa.

Najua nitajibiwa kwamba wauzaji wetu hawapendi kutangaza bei kwa kuwa bei ni ya kupatana. Hoja hii ina uzito sokoni, ambako mnunuzi ana wakati, mwavuli na mdomo. Haina uzito kando ya barabara, ambako biashara nzima huishi kwa dakika tano. Anayeificha bei hapo humfukuza hata yule ambaye angeilipa.

Suala la pili ni la lugha ya kuandikia, na hapa naomba msomaji anivumilie maana ndipo penye uchungu wangu. Garsen na vijiji vyake si mji wa kabila moja. Wapo Wapokomo wakulima, Waorma na Wardei wafugaji, Wagiriama, Wabajuni, wavuvi na wachuuzi kutoka bara. Mapigano ya mwaka 2012 hadi mwanzoni mwa 2013 yaliwaua watu zaidi ya 100 katika delta hii, na aliyeishi wakati ule anajua kwamba miongoni mwa vitu vya kwanza kufa vilikuwa soko: mahindi yakakosa mnunuzi upande mmoja, maziwa yakakosa mnunuzi upande wa pili. Watu walirudi kuuziana kabla ya kurudi kuaminiana, na walirudi kwa Kiswahili. Mwenye kuandika "maziwa" kwenye kibanda chake amemwita kila mpita njia. Aandikapo kwa lugha ya mama yake peke yake, hata bila ya nia mbaya, mwenzake wa ng'ambo ya pili hupita akidhani hahitajiwi. Aandikapo kwa Kiingereza amewaacha nje wote wawili, na pengine yeye mwenyewe pia, kama yule mama asiyejua ubao wake unasema nini. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia kukitaja cha kwanza kati ya lugha mbili rasmi. Hadhi hiyo ingali haijafika kwenye mbao za maduka.

Kinachoshangaza ni kwamba makampuni makubwa yalikwisha kulitambua hili. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa mwaka 2007, nusu ya jina ilitoka kwetu, na huduma zake nyingine zimebatizwa kwa vitenzi vya Kiswahili: Sambaza, Fuliza, na ile Okoa Jahazi ambayo mtu wa Kipini au Lamu huielewa kwa undani kuliko aliyeibuni. "Fuliza", lililoingia sokoni mwaka 2019, ni neno ambalo wanafunzi wangu wengi hawakulijua kabla ya kukopa kwalo. Kuna "Lipa na M-Pesa", ambayo imewakera wenzangu wengi, na kwa haki, kwa kuwa sarufi sanifu ingetaka "kwa" panapotajwa chombo cha kutendea. Mimi nami nilikereka. Hata hivyo kosa lile limesomwa na kueleweka kila mahali penye duka, ilhali sentensi yangu safi ya mwaka 1997 ilisomwa na mbuzi. Ningali naandika "kwa", na nawasihi wanafunzi waandike "kwa", lakini nimeacha kudhani kwamba usanifu peke yake unauza.

Tena kuna tangazo la kale kuliko hayo yote ambalo bado linavaliwa. Katika kanga zinazotoka Mombasa kwa Kaderdina Hajee Essak huchapishwa alama "K.H.E." pamoja na maneno "Mali ya Abdulla". Hakuna sifa hata moja hapo. Ni jina la mtu anayesimama nyuma ya kitambaa, basi, na mama akiona rangi imechujuka anajua aende mlango gani.

Jambo hilo la mtu kusimama nyuma ya neno lake ndilo tusilolifundisha kabisa. Tunawaambia wanafunzi kwamba chuku ni sifa ya matangazo, na tunaishia hapo, kana kwamba chuku ya mshairi na uongo wa mwuzaji ni mamoja. Mwanafalsafa J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1962, alitufunza kuwa yapo maneno ambayo kuyatamka ni kutenda, na kuahidi ni mojawapo. Msikilizaji wa shairi hakuahidiwa kitu. Anayesoma tangazo ameahidiwa, na atatoa fedha kwa sababu ya ahadi hiyo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na anachokinunua, na kinaliagiza Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya adabu. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ilipitishwa mwaka 2012. Ni walimu wangapi wa Kiswahili wameyasoma hayo pamoja na darasa wakati wa kipindi cha sajili?

Nikiri jambo moja lisilonipendeza. Matangazo yaliyoandikwa kwa ustadi mkubwa zaidi katika barabara zetu ni yale ya waganga yanayopigiliwa kwenye miti na nguzo za umeme. Hutaja tatizo kwa jina lake, hutumia Kiswahili chepesi, hayapotezi neno, na daima hutoa nambari ya simu. Yana kila kitu ila ukweli. Mwenye maembe ya kweli ameshindwa kuandika, na mwenye dawa ya kutilia shaka anaandika kama bingwa. Ndipo ninaposhindwa kuwafuata wahenga na methali yao.

Kwa hivyo ningependa mtihani wa tangazo ubadilike. Mtahiniwa asipewe alama kwa kuweka kichwa, kistari na alama tatu za hisi. Apewe tunda, bei, mahali na mnunuzi wa aina fulani mwenye muda fulani, kisha mtahini ajiulize swali moja: je, mtu huyu angeshuka kwenye basi? Naelewa kwamba mwongozo wa kusahihisha hauwezi kuandikwa kirahisi kwa swali hilo, na kwamba mwalimu mwenye wanafunzi sitini hana muda wa kuwapeleka barabarani. Lakini tenga la maembe laweza kuletwa darasani kwa urahisi kuliko kamusi, na wanafunzi hawatalisahau.

Huko Garsen tulifanya hivyo siku ile ile baada ya mapumziko ya saa nne. Niliwapa karatasi mpya na sharti moja tu, kwamba kivumishi kisichoweza kuhakikiwa kifutwe. Walinuna, wakafutafuta, wakaandika upya. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akasoma yake: "Ngowe za Ngao. Zimechumwa leo. Sita, shilingi 100. Zitafika Lamu." Darasa likampigia makofi, ila mvulana mmoja akainua mkono akauliza: na zikifika Lamu zimeoza, atarudishiwa nani fedha? Wakabishana kwa muda mrefu, wala mwalimu wao nami hatukuingilia. Wengine walitaka sentensi ile ifutwe. Wengine walidai kwamba bila ya Lamu hakuna tangazo, kwa kuwa abiria wengi huenda huko na hutaka kuwachukulia watu wa nyumbani kitu. Hatimaye msichana yule yule ndiye aliyeitatua. Kwenye tenga, alisema, yamo mabivu na yamo yanayoanza tu kuiva, basi mama ayatenge mafungu mawili. Akaifuta sentensi ya mwisho, akaandika mbili mahali pake: "Za kula leo. Za kupeleka Lamu."

Jioni tulimpelekea mama ubao. Nilimsomea, akaniomba nirudie, kisha akarudia yeye mwenyewe kwa sauti mpaka akaukariri. Alikubali kila neno ila rangi. Alitaka uandikwe kwa chaki, kwa sababu Februari maembe huwa mengi na sita kwa mia haitakuwa bei tena. Msichana akaufuta, akauandika upya kwa chaki, na mama akamuuliza itamgharimu maembe mangapi.